Mwaka Niliofunga Daraja la Malmö

Nianze na upumbavu wenyewe, kabla Eloge hajawasimulia na kuongeza chumvi. Nikiwa na miaka kumi na mitano nilifunga daraja la kutoka Malmö kwenda Denmark. Sikutumia polisi wala minyororo. Nilitumia simu, kikohozi cha uongo, na sauti ya mzee wa watu. Kwa majuma kadhaa nusu ya Waswahili wa Stockholm waliamini kwamba mwenye leseni changa akifika pale darajani anateremshwa garini, anapangiwa koni, anaambiwa aegeshe kinyumenyume huku watu wanamtazama, na akigusa koni moja tu gari linakokotwa kurudishwa Malmö. Wengine waliongeza kwamba kuna viti vya watazamaji. Hilo la viti sikulisema mimi, naapa. Lilizaliwa lenyewe njiani, huko mtaa wa Rågsved.

Najua kumbukumbu huandikwa na watu wenye mvi. Mimi nina miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na ndevu zangu bado zinahesabika. Lakini Jumamosi iliyopita tulimsindikiza Mzee Melkiori uwanja wa ndege wa Arlanda, amerudi kwao Gitega moja kwa moja, na tangu siku hiyo nimekuwa kama ajuza: nakaa dirishani, navuta pumzi, nasema “enzi zile.” Msianze kunipa pole. Mzee hajafa. Amechoka tu na baridi, amesema sasa wapewe wengine. Habari za babu yangu, bibi yangu na jinsi tulivyofika Sweden nitaziruka. Kila nyumba hapa mtaani kwetu Rissne ina hadithi hiyo, na zote zina koti lisilotosha. Mimi nataka kusimulia jiko moja na mwaka mmoja.

Jiko lilikuwa la Mzee Melkiori, ghorofa ya chini, karibu na chumba cha kufulia nguo, kwa hiyo daima lilinuka maharage na sabuni. Mezani palitandikwa kitambaa cha plastiki chenye ramani ya Ulaya, alichokinunua mitumbani, cha zamani kiasi kwamba kulikuwa na nchi mbili tatu zilizokwisha kufa. Ukila kwake, sahani yako ilikaa juu ya Ufaransa, bakuli la ndagala, dagaa wa kwao, likafunika Poland, na mchuzi ulishaacha doa la kudumu kati ya Hamburg na Bremen. “Pale siku zote kuko foleni,” Mzee alikuwa anasema, akiligusa doa kwa kijiko. Kiangazi kikikaribia, hakuna mtu wetu aliyetoka na gari kwenda Ulaya bila kupita pale. (Ndiyo, tunasema “kwenda Ulaya.” Sweden kwetu si Ulaya, Sweden ni nyumbani na kodi.) Wakongo walipita, Watanzania walipita, Waganda walipita na Kiingereza chao. Mzee hakuwa na simu ya kisasa, alikuwa na kitochi, basi mgeni alimwekea simu yake mbele ya mdomo, Mzee akakohoa mara moja, akaanza na salamu ya amani ya Kirundi: “Amahoro. Amahoro kwa nyumba yote. Watoto wakoje? Mama mkwe, mguu ulipona? Aksanti. Sasa barabara.” Ndipo alipotaja pantoni ipi inajaa Ijumaa, wapi wamechimba njia, kituo gani cha mafuta kina choo ambacho mtoto hatalia akikiona. Sauti ile ikarushwa kwenye kundi letu la simu, na kuanzia Akalla mpaka Rågsved watu wakafunga mizigo. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Mzee ameshaujulia hali mguu wa mama mkwe wako, halafu wewe umwulize “je, ni kweli?” Hiyo kwetu ni sawa na kumwita mwongo, na mguu ukiwa shahidi.

Mama yangu alipata leseni majira yale ya baridi, baada ya kuanguka mtihani mara ambazo amenikataza kuzitaja. Kila mara kilichomwangusha kilikuwa kimoja, kuegesha kinyumenyume kati ya magari mawili. Alikuwa anarudi nyumbani, anavua viatu, anatuonyesha mezani kwa vikombe: hiki gari la mbele, hiki la nyuma, mimi hapa, sasa niambieni nilikosea wapi. Alikuwa na safari moja tu kichwani. Mama Mkubwa Zainabu, dada yake aliyemlea, anaishi Antwerp, na mwezi wa saba alikuwa anamwoza binti yake. Hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu mimi natambaa. Ndege ilikuwepo, ndiyo, lakini Mama alishamwahidi dada yake, “Nitakuja naendesha mwenyewe, unione kwenye usukani.” Sare ya harusi ilifika kwa posta mapema, kitambaa cha kijani, akaishonesha papo hapo na kuitundika mlangoni mwa kabati, aione kila anapofungua macho.

Sasa mimi. Likizo ya mwezi wa pili, baridi imetufungia ndani, niko Akalla kwa rafiki yangu Eloge, Mrundi mwenye kicheko cha kuku anayetaga. Shuleni nilijulikana kwa kuigiza sauti. Nilimwigiza mwalimu mkuu, nilimwigiza yule mama wa tangazo la treni, na nilimwigiza Mzee Melkiori kiasi kwamba Eloge alikuwa anasimama wima kwa heshima bila kujua. Akaniambia, “Haya, Mzee anampa mama yako habari za barabara.” Nikakaza sauti. Nikasema amahoro kwa nyumba yote, nikakohoa. Nikauliza goti la Mama Twaha linaendeleaje, maana Mama kweli ana goti bovu, na mimi ndiye Twaha. Kisha nikamwaga: leseni changa, daraja, koni, kinyumenyume, kukokotwa. Eloge alilala chini. Nilikuwa nimejirekodi, nikamtumia yeye peke yake, ili acheke tena baadaye. Jioni mama yake akachukua simu ya mwanawe kutafuta picha ya kanisani, akaisikia ile sauti, akashika moyo, na kwa wema kabisa akamtumia shoga yake wa Rågsved ambaye naye ana leseni changa. Eloge akanipigia akinong’ona, “Bwana, Mzee ametoka nje.” Tukacheka. Tulidhani atachoka njiani.

Sikujua kwamba Mzee yule wa uongo amefika jikoni kwetu mpaka siku Mama alipokuwa anakuna nazi, huku anaongea na Mama Mkubwa, simu iko karibu na sinki, sauti imefunguliwa, na mimi niko ukumbini najifanya nasoma.

“Dada, gari limeharibika gia.”

“Gia gani? Si juzi ulisema linakwenda kama maji?”

“Lilikuwa linakwenda. Sasa limekataa.”

“Basi panda ndege, Mwanaidi. Gari siyo bwana harusi.”

“Nitaangalia, dada.”

Mtu wa Tanga kama Mama akisema “nitaangalia,” jua hakuna kitakachoangaliwa. Na lile gari lilikuwa zima, asubuhi ileile lilinipeleka kwa daktari wa meno. Nikaingia chumbani kwake. Mlango wa kabati ulikuwa mtupu. Gauni la kijani lilikunjwa ndani ya sanduku, chini ya mablanketi, kama nguo ya marehemu. Mdogo wangu Saida, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa amekaa kitandani akila karoti. Mama humsemesha kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi, na siku hiyo alinijibu hata kabla sijauliza: “Mamma vågar inte.” Mama hathubutu. Ndege pia asingepanda, nililifahamu hilo. Alishatamka “usukani,” na angekaa nyumbani kuliko kushuka uwanja wa ndege akaulizwa usukani uko wapi.

Mtu mwenye akili angesema pale pale. Mimi nilifanya wanachofanya waoga wenye intaneti, nilitafuta ushahidi. Nilisoma tovuti ya daraja lenyewe, tovuti za barabara za Denmark na Ujerumani, hata za Ubelgiji, ambako niligundua kitu cha kweli kabisa: gari la kigeni linatakiwa liandikishwe kabla ya kuingia mjini Antwerp. Nikamwendea Mama na simu mkononi, nimekunja uso kama wakili. “Mama, tazama, hakuna koni. Wenyewe wameandika.” Mama aliendelea kupepeta mchele. “Hao walioandika wananijua?” Nikasema hawakujui, Mama, lakini ndio wenye daraja. “Mzee Melkiori ananijua. Ameuliza mpaka goti langu.” Goti lile nililiuliza mimi.

Basi nikaenda kwa Mzee. Niliingia jikoni, nikakuta anakula peke yake juu ya Hispania, akanisogezea sahani bila kuniuliza shida yangu, maana kwake shida ilisubiri mpaka tumbo lijibiwe. Nikala. Kisha nikamwekea ile sauti. Aliisikiliza amefumba macho. Ilipofika mwisho akasema, “Weka tena.” Nikaweka tena. Akasema, “Kikohozi umekiweka pabaya. Mimi nakohoa mbele ya amahoro, si nyuma.” Nilitaka kucheka, nikaona hacheki.

“Nani ameogopa?”

“Mama. Hataki kwenda harusini.”

“Na weye unataka nini kwangu?”

“Useme kweli, Mzee. Urekodi sauti yako ya kweli, nami nitaituma.”

Akafuta mdomo, akanitazama kwa macho yale ambayo sukari ilishayatia ukungu. “Mutoto, nikuambie neno. Mimi na gari sijavuka Södertälje.” Nilidhani anatania. Södertälje ni hapo tu. Ukipiga chafya treni imefika. Lakini hakuwa anatania. Macho yalimnyima leseni zamani sana, kabla hajakinunua kile kitambaa. Pantoni, foleni ya Hamburg, choo kisafi, vyote alivipata kwa watu. Nilimwuliza alijuaje kwamba hawamdanganyi, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo shule yangu haijawahi kunipa. Alisema kila gari lililorudi alilifuata palepale maegeshoni, na chupa yake ya chai, kabla watu hawajashusha mizigo. “Dereva muulize akiwa amechoka. Akishalala, kesho anaamka shujaa, hakusimama popote, hakupotea. Na usimuulize yeye peke yake. Dereva anakumbuka mwendo, mutoto anakumbuka choo.” Kisha habari ile aliitumia siku chache tu, akaitupa. “Barabara ni kama maziwa. Ya juma lililopita inuse kwanza.”

Nikasema basi, Mzee, sema hayo hayo. Akakataa. “Sauti yangu umeshaiharibu. Nikisema leo hakuna koni, watauliza Melkiori yupi anasema. Tumia yako.”

Sauti yangu! Yangu ilikuwa ndiyo kwanza inavunjika, juu kama filimbi, chini kama pikipiki. Lakini nilirudi nyumbani, nikachukua simu ya Mama mbele ya macho yake, yeye akikaanga samaki, nikabonyeza kundi. Nikaanza kama watu wazima: amani kwa nyumba zote, poleni na baridi. Kisha nikasema mimi ni Twaha mwana wa Mwanaidi wa Rissne, ile sauti ya koni ni yangu na siyo ya Mzee Melkiori, daraja liko wazi, hakuna anayepimwa, na gari la mama yangu halina ugonjwa wa gia. Hilo la mwisho halikuwa lazima, lilinitoka tu. Mama alizima jiko. Samaki waliendelea kulialia wenyewe ndani ya mafuta, kisha nao wakanyamaza. Simu ikaanza kutetemeka mezani, watu wakijibu, wengine wakicheka, mama yake Eloge akimlaani Eloge kwa Kirundi. Mama hakuitazama. Aliniambia neno moja tu, polepole: “Nikikusikia tena unamwigiza yule mzee, utahama na godoro lako.” Akawasha jiko. Kesho yake Mzee alikuja mwenyewe, akakaa, akamwambia habari ya Södertälje. Mama alicheka mpaka akashika goti. Akasema, “Basi, Mzee, mwezi wa saba kiti cha mbele ni chako.”

Adhabu yangu ilitoka kwa Mzee: kila Jumapili niende kumsomea tovuti za barabara. Hapa ndipo enzi zile zinaponirudia. Theluji iliyeyuka dirishani, mashine za kufulia zikinguruma upande wa pili wa ukuta, mimi nasoma Kideni ambacho nakielewa nusu, nakigeuza Kiswahili, Mzee anakilinganisha na aliyoyasikia maegeshoni. “Wanasema wanachimba hapo mpaka mwisho wa mwezi,” nasema mimi. “Baba Eloge amepita juzi, hakuna hata koleo,” anasema yeye. Tunaweka alama ya chumvi pale juu ya ramani, chembe chache, kwamba habari hii bado haijaiva, tutauliza tena. Mwisho wa mlo Ujerumani ilikuwa nyeupe. Eloge alinicheka, akaniita katibu wa barabara. Lakini kufika mwezi wa sita watu walikuwa wanarekodi sauti zetu mbili: Mzee anasema amahoro na miguu ya wakwe, kisha anasema, “Sasa mutoto atasema kilichoandikwa, mimi nitasema kilichoonekana.” Nilikuwa na miaka kumi na mitano na watu wazima walisafiri kwa neno langu. Niliacha kupeleka utani darasani kwa karibu mwezi mzima. Walimu waliniuliza kama naumwa.

Gauni la kijani lilirudi mlangoni mwa kabati siku nilipomwandikishia Mama gari lake kwa ajili ya Antwerp, na katikati ya mwezi wa saba tukaondoka, gari likinuka maandazi na mafuta ya goti. Mzee mbele, kofia kichwani, kitambaa cha ramani kimekunjwa mapajani. Mimi na Saida nyuma na mabakuli. Tulipopita Södertälje alivua kofia, Mama akapiga honi. Darajani Mama alipunguza mwendo mpaka magari ya nyuma yakaanza kutupita yakinung’unika. Mikono yake ilikuwa imeushika usukani kama mtu aliyeshika mtoto sokoni. Bahari huku na huku, mimi natamani kuwa ndani ya buti. Mzee akasema, “Ongeza, Mama Twaha. Huko mbele hakuna anayekungoja isipokuwa dada yako.” Akaongeza.

Katika Ujerumani yule mzee aligeuka mtoto. Kila bango alilijua kwa jina na hakuwahi kuliona. “Ah, ndiwe wewe,” aliliambia moja. Karibu na Hamburg tukaingia kwenye foleni, foleni kamili, magari hayasogei, joto, Saida analia, na Mzee anafungua kitambaa, anaonyesha lile doa la mchuzi, anafurahi kama aliyepanga foleni hiyo mwenyewe. Kwenye kituo kimoja cha mapumziko, ambacho alikuwa amewaelekeza watu kwa miaka, alishuka, akaingia chooni, akakaa humo hata Mama akanituma nikamwangalie. Nikamkuta anaosha mikono taratibu, anatazama kuta. “Hawakunidanganya,” akaniambia. “Ni kisafi.”

Na Antwerp? Tulifika mtaa wa Mama Mkubwa jioni jua likiwa bado juu, ukoo mzima uko barazani, vijana na matarumbeta, na nafasi ya gari iliyobaki ilikuwa moja, katikati ya magari mawili. Huko nje hakuna aliyejua habari yangu ya koni. Ndani ya gari tuliijua wote. Mama akatazama ile nafasi, akanitazama mimi kwenye kioo, muda mrefu. Akaweka gia ya nyuma. Mara ya kwanza aligusa ukingo wa njia, akatoka. Mara ya pili likaingia kama sahani kabatini, na Mama Mkubwa Zainabu alikuwa ameshafika dirishani kabla injini haijazimwa, akipiga vigelegele, analia, akimwita mdogo wake dereva, dereva, dereva.

Kwenye gari tukirudi hakulitaja lile jambo la koni, na baadaye pia hakulitaja. Kwa miaka mitatu marufuku ilibaki marufuku. Nilimwigiza kila mtu hapa Rissne isipokuwa Mzee Melkiori. Jumamosi, Arlanda, alitukumbatia mmoja mmoja, kile kitambaa akanipa mimi, na alipofika kwenye ukaguzi akageuka akaniuliza kwa sauti kubwa, mbele ya Waswidi wote, kama barabara ya kurudi nimeinusa. Kisha tukabaki sisi. Nilikaa kiti cha nyuma kwa mazoea, Saida naye nyuma na vifaa vyake masikioni, na kiti cha mbele kikabaki kitupu, mkanda unaning’inia. Yule bibi wa ramani ya simu alikuwa anatuambia tukae mkono wa kushoto, na Mama akanyoosha mkono akamzima. Magari yalikuwa machache. Alinitafuta kwenye kioo, macho yamelowa, akasema:

“Haya, kohoa. Kisha uniambie barabara ya nyumbani ikoje.”